Breki ya Mbele Si Urembo

Naliaka wangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo nje ukisugua mnyororo wa pikipiki kwa mswaki mkuukuu na kuimba wimbo wa kwaya huku ukiruka maneno usiyoyajua. Wewe ni mzima. Mimi pia ni mzima, ila nimefunga duka mapema. Nimekaa nyuma ya kaunta kati ya maboksi ya plagi na tyubu za tairi, na wateja wawili waliobisha nimewaambia napanga mali. Nimewadanganya. Nakuandikia wewe.

Utajiuliza barua ni ya nini wakati tunalala nyumba moja na kesho asubuhi tutakunywa chai pamoja. Unanijua. Nikifungua mdomo najikuta nimeshaanza kugomba. Juzi nilikuja chumbani kwako kukuambia haya ninayoandika, nikakukuta unafunga mizigo, nikaishia kukugombeza kwa ajili ya soksi. Kalamu haina sauti, labda itanisitiri.

Mambo ya kula vizuri, kusali, kupiga simu na kufunga mlango kwa kufuli, hayo nayapita. Umeyasikia mpaka unaweza kunihubiria mimi. Nataka tuongee juu ya breki.

Usicheke. Kesho unatoka Eldoret, unapita Iten, halafu unateremka ule ukuta wa mlima mpaka bonde la Kerio, kona juu ya kona, kwenda kuanza kazi ya kutengeneza pikipiki za wale wanaochanja mifugo. Unateremka kwa pikipiki ya baba yako, na breki ya mbele uliyoifunga wewe mwenyewe, kalipa, kile chuma chenye pedi za kubana, ya pikipiki nyingine kabisa. Na mimi, mama yako muuza spea, nilipanga usiteremke nayo. Niliongea na dereva wa kanta, lile lori dogo, aje alfajiri, aibebe pikipiki na wewe ukae kando yake. Sikukuambia. Nitafika hapo, vumilia kwanza.

Mtaa wetu wote wa Langas unajua kwamba mimi nashuka. Kila kijana wa boda wa steji yetu anajua ukimbeba Mama Naliaka, barabara ikianza kuinama, punguza, maana atakugonga begani na kusema, "Nashuka hapa." Natembea mpaka chini na mkoba wangu, halafu napanda tena. Kabla ya daraja la Sosiani nashuka. Hata kile kilima kidogo cha kanisani, ambacho watoto wanakishuka kwa magurudumu ya mbao wakicheka, mimi nashuka. Wakaniita Mama Nashuka. Kiprop wa steji huniuliza, "Mathe, leo nikulipishe safari au nikulipe wewe kwa kutembea?" Nami humjibu kwamba miguu yangu ina breki mbili na zote zinafanya kazi.

Tunacheka, lakini wewe unajua kicheko hicho kilitoka wapi.

Watu wetu wa boda wana imani yao, na hakuna mchungaji aliyewahi kuhubiri ikashika kama hii. Kijana akianza kazi, wakubwa wa steji wanamwambia: kidole chako kisiguse breki ya mbele. Ukiigusa itakurusha juu ya usukani kama gunia la mahindi. Kwa hiyo wengine wanailegeza, wengine wanaondoa pedi kabisa, wengine wanafunga paipu yake kwa kipande cha tyubu isiwasumbue. Wanabeba abiria wawili na debe la maziwa kutoka Moiben, na kitu cha kuwasimamisha ni kanyagio moja la mguu wa kulia.

Na mimi niliyekuwa nauza hizo pedi ndiye niliyekuwa mhubiri mkuu. Kijana akija kuuliza pedi za mbele, nilikuwa namwambia, "Wacha hizo, chukua za nyuma. Breki ya mbele ni urembo." Nililisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sikuwahi kushika usukani hata wa baiskeli. Nilikuwa nimesikia kwa wengine, na kwa vile nilikaa nyuma ya kaunta watu walifikiri kaunta inafundisha.

Baba yako, naye mtu wa boda, aliniamini kwa sababu alinipenda. Siku ile ya mvua barabara ya Turbo, lori lilisimama ghafla mbele yake. Alikanyaga breki ya nyuma, gurudumu la nyuma likateleza kwenye matope, akaenda chini pamoja na mzigo. Mguu wake haukukunjika tena tangu siku hiyo. Nilipofika hospitali aliniambia, "Nilikanyaga yote, Mama Nali. Nilikanyaga yote iliyokuwepo." Ni kweli alikanyaga yote iliyokuwepo.

Haya si siri kwako, ulikuwepo. Ulikuwa na sare ya shule na kaptula ya kaka wa jirani ndani yake kwa sababu ya baridi. Pikipiki ilirudishwa juu ya mkokoteni, sisi sote tukawa tunatazama pale chuma kilipopinda. Wewe ukaenda mbele, ukachuchumaa, ukauliza, "Mama, hii paipu imefungwa na mpira kwa nini?" Nikasema, "Ni urembo tu hiyo." Ulinitazama, hukuuliza tena. Mtoto wa darasa la sita.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Siku ile sisi wawili tulianza safari mbili tofauti. Mimi nilianza kuogopa mteremko. Wewe ulianza kuwaza juu ya paipu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikishuka na kutembea, nikijiona mwerevu, na wewe ulikuwa unakua kimyakimya ukielekea kwenye jibu. Nikifikiria hivyo nasikia fahari.

Baba yako alipohamia Turbo kwenye shamba, kwa sababu mahindi hayahitaji mguu unaokunjika, pikipiki ilibaki hapa nyuma ya duka chini ya turubai. Kuku wangu mwekundu aliigeuza kiota. Ulipomaliza kozi ya ufundi ukaniomba. Baba yako alisema kwa simu, "Mpe, iko kwa jina langu lakini ni yake." Nilimwondoa kuku kwa shingo upande, naye alininunia zaidi ya baba yako.

Nilidhani utaitengeneza ilivyokuwa. Wewe ukaja na yako. Ukasema ile kalipa ya zamani yenye pistoni moja ndogo hutaki, unataka kufunga ya modeli nyingine, yenye pistoni mbili. Hapo nikawaka. Nilikuambia kila pikipiki imepewa breki yake na walioiunda, na mtu hachukui meno ya jirani akatafuna nayo. Ukanijibu bila hata kuinua macho, "Mama, mzee wa kanisa ana meno ya kununua, na kwenye harusi yeye ndiye wa mwisho kuondoka mezani."

Sikucheka wakati ule. Nilienda kuchekea jikoni.

Baadaye nikaona nifanye amani. Nilikuwa na kalipa moja kubwa dukani, ya pikipiki zile nzito, imekaa kwenye rafu tangu zamani kwa sababu hakuna mtu wa huku aliyeihitaji. Nikaipangusa vumbi, nikakuletea kama zawadi. Nilikuambia, "Kama lazima, basi weka hii. Kubwa ndiyo nguvu." Uliitazama muda mrefu. Najua sasa kwamba ulikuwa unajua tayari. Lakini ulisema, "Asante Mama," ukaifunga, ukahangaika nayo siku nzima, kisha ukaniita nibonyeze mkono wa breki. Nikabonyeza. Ukaingia mpaka ukagusa mpini, laini kama ugali wa mgonjwa, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Nikasema ni hewa. Ukatoa hewa tena. Ukawa vilevile. Nikasema pikipiki ina laana ya kuku.

Hukunibishia. Ulienda kwa yule daktari wa mifugo wa hapo juu, ukarudi na sirinji tatu zisizo na sindano na kipande cha mrija. Ukaziunganisha mezani, ndogo upande mmoja, kubwa kabisa upande wa pili, maji katikati. Ukaniambia, "Sukuma hii ndogo, Mama. Hii ni masta, ile iliyo juu ya usukani." Nikasukuma kwa kidole gumba mpaka mwisho. Ile kubwa ilisogea kidogo tu, kama mtu aliyeamshwa akageukia ukuta. "Sasa ile kubwa ni kalipa yako," ukasema. "Ina nguvu kweli, lakini masta yetu ni ndogo. Inamaliza maji yake kabla pedi hazijabana." Kisha ukaondoa kubwa, ukaweka ya kati. Nikasukuma, na safari hii nilisikia kwenye kidole namna zilivyopokezana.

Nilikuwa nimeuza masta na kalipa kwa miaka kama mtu anayeuza viatu vya mguu mmoja mmoja. Sikujua kwamba lazima vilingane. Ungeweza kunicheka, na ungekuwa na haki, maana nilishakucheka mimi. Badala yake ulikiacha kidole changu kijifundishe, ukachemsha chai. Mwanangu, kuna watu wanaojua mambo, nao ni wengi. Wa kukufundisha ukabaki na heshima yako, hao nimekutana nao wachache, na mmoja nilimzaa.

Halafu ukaanza kwenda kwa Mzee Hassan kule sokoni, kwenye zile kreti zake za chuma kilichotolewa kwenye pikipiki zilizokufa. Nilimwomba msamaha siku moja kwa vile ulikuwa unamsumbua. Akaniambia, "Mama Naliaka, vijana wote huja hapa kununua. Huyu anakuja kupima. Mwache." Alikuwekea kiti chako, na chai ya tangawizi, na mke wake akauliza kama umeposwa. Nilimwambia umeposwa na kreti.

Siku uliyoipata ile kalipa ulikuja umeifunga kwenye leso ya kanisa. Pistoni mbili, si kubwa sana, moja imekwama kwa kutu. Mimi niliona takataka. Wewe uliiosha, ukaisugua, ukabadilisha mipira yote ya ndani, na uliponiomba mafuta ya breki nikakuletea yale ya jeki kwa sababu chupa yake ilikuwa karibu. Nilisema mafuta ni mafuta. Ukaniambia yale yatavimbisha mipira ndani ya siku chache, na breki itajishika yenyewe njiani. Nilirudi dukani nikayatoa yale ya jeki kwenye rafu ya breki, nikayapeleka rafu ya ng'ambo. Wewe hukuona. Nilitaka ujue kwamba nilisikia.

Tukaja kwenye braketi, kile kipande cha bamba kinachoshikilia kalipa ngeni kwenye mguu wa pikipiki usioijua. Hapo ndipo tuligombana kweli. Jamaa wa kuchomelea alikukatia ya kwanza nzuri, inang'aa. Ukaifunga, ukainama, ukatazama pedi zinavyokaa kwenye diski ya gurudumu, ukaifungua, ukaitupa kwenye chuma chakavu. Nilikuja mbio. Nilikuambia chuma kizima hakitupwi, kwamba mimi naona imekaa, kwamba imepishana unene wa ukucha tu.

Ukasema, "Mama, karibu kukaa ni kutokaa."

Ukaenda kukatisha nyingine. Nilibaki pale nimeshika ile ya kwanza mkononi. Nali, mimi nimeishi na hiyo "karibu" tangu nikiwa msichana. Nilikaribia kumaliza shule, nikaona inatosha. Bati la nyumba hii fundi alilipiga likakaribia kufika ukutani, nikasema inatosha, na kila masika tunaweka sufuria mahali palepale. Baba yako aliponiambia mguu unauma usiku, nilisema umekaribia kupona, tukachelewa kurudi hospitali. Sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mtu wa kuchoka haraka na kuita uchovu huo shukrani. Sijui wewe ulitoa wapi moyo wa kutupa kitu kizuri kwa sababu si sahihi. Hukuutoa kwangu. Labda uliutoa kwa kunitazama mimi.

Ile braketi ya kwanza ninayo. Imeshikilia mlango wa duka usifungwe na upepo. Hapo karibu inatosha.

Siku ya kutoa hewa nadhani ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ulikuwa umelala chini kwenye gunia, spana mkononi, mimi nimesimama nimeshika mkono wa breki. "Pampu," unasema. Napampu. "Shika." Nashika. Unafungua ile nati ndogo, vipovu vinatoka kwenye mrija, unafunga. "Achilia." Tena na tena, wewe chini mimi juu, bila ugomvi, na sikumbuki mara nyingine tuliyokaa muda mrefu hivyo ukinipa amri nami natii. Kisha vipovu vikaisha. Nikabonyeza na mkono ukawa mgumu, ukasimama katikati kama mtu mwenye msimamo wake. Uliingia ndani kunawa. Mimi nilibaki nikiubonyeza peke yangu gizani, kwa sababu sikuwahi kusikia ukweli kwenye vidole namna ile.

Tangu hapo nimekuwa kero mtaani kwa kujisifu. Nimewaambia kwaya. Nimemwambia muuza mboga, ambaye hana hata baiskeli. Lori likija kushusha bidhaa namwonyesha dereva, "Hiyo kalipa ni ya modeli nyingine, ameifunga binti yangu." Nakumbuka ulipomkataa Kiprop. Alikuja na haraka zake, "Nali, nifungie ile breki yako leo leo, nina wateja wa Sugoi." Ukaipanda pikipiki yake, ukaitikisa mbele, ukapitisha kiganja juu ya tairi, ukasema hapana. Mimi nikakukanyaga mguu kwa siri, mteja ni mteja. Wewe ukamwambia, "Breki inashika gurudumu, na gurudumu linashika barabara. Tairi yako imekuwa kipara, haishiki kitu. Nikikufungia breki kali juu ya hii, hapo ndipo itakurusha kweli. Badilisha tairi kwanza, kaza hiyo fimbo ya mbele inayocheza, halafu rudi." Alienda amenuna. Nami nilinuna pamoja naye mpaka jioni.

Alirudi. Na tairi mpya, na wenzake watatu. Ukawachorea mstari wa chokaa kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada ya pili, ukawafundisha wanaume wazima, wengine wenye wajukuu, kuweka vidole viwili mbele na kubana polepole kama mtu anayekamua ng'ombe mgeni. Nilisimama kwenye ngazi na Biblia kwapani. Yule mzee wa steji, aliyemfundisha baba yako asiiguse breki ya mbele maisha yake yote, nilimwona akibana, pikipiki ikasimama imenyooka kabla ya mstari, naye akabaki amekaa juu yake akitazama mikono yake. Akasema, "Kumbe." Hilo tu. Nililia kidogo, nikasema ni vumbi.

Sasa kanta.

Simu ya kazi ilipokuja, nilipiga vigelegele vya kwanza mimi. Usiku ule ule nikaanza kuiona ile barabara ya chini ya Iten. Nimeipita kwa basi nikiwa nimefumba macho. Nikajiambia binti yangu ni fundi, sikatai, lakini fundi anaweza kupanda kanta. Nikapanga na dereva. Nilikuwa niseme ni bahati tu amepita, na kwa nini kuchosha injini. Uongo wangu ulikuwa umekamilika mpaka nukta ya mwisho.

Halafu wiki jana ukanibeba kwenda mjini. Tulipokaribia Sosiani, barabara ikaanza kuinama, na mkono wangu ukakugonga begani wenyewe, bila kuniuliza. Ulisimama, nikashuka, ukateremka peke yako. Nilikuja nyuma kwa miguu na mkoba wangu. Ulikuwa chini unanisubiri, umetazama mto, na helmeti ikaficha uso wako, lakini mabega niliyaona yameinama. Kiprop alipita na abiria wake, akapunguza, akaniuliza, na safari hii hakuwa anatania: "Mathe, breki ya Nali unaisifu mtaa mzima. Mbona bado unashuka?"

Nilipanda nyuma yako kana kwamba sikumsikia, mimi ambaye sijawahi kukosa jibu. Nimekuwa nikilitafuta siku zote hizi. Nimekusifu kwa watu wote isipokuwa kwa mgongo wako, ambao ndio uliostahili kunisikia nyuma yake. Nilikuwa najivunia breki yako kama mtu anavyojivunia gari la jirani, akiwa kando ya barabara. Na ningekuacha uende bondeni ukijua kwamba mama yako anasema hivi na miguu yake inasema vingine.

Siwezi kukudanganya kwamba woga umeisha. Nikifikiria kona ya kwanza tu, mkono wangu unataka kugonga bega lako. Ila nimeshaelewa kwamba sikuwa naogopa breki yako. Nilikuwa bado nimesimama kando ya ule mkokoteni, mbele ya paipu iliyofungwa kwa mpira, na mtoto ananiuliza swali. Jibu langu la siku ile lilikuwa baya. Naomba kulijibu upya, na sitalijibu kwa maneno.

Leo mchana nilimpigia dereva wa kanta nikamwambia asije. Aliuliza kama binti ameahirisha safari. Nikamwambia binti hajaahirisha kitu, binti ana breki. Nikampigia na baba yako. Alicheka kile kicheko chake cha puani, akasema nikushike kiunoni na si mabegani, kwa sababu nikikushika mabegani nitakuyumbisha kwenye kona. Ametoka kwenye mahindi akaniambia mambo ya kona. Nafikiri naye amesubiri siku hii muda mrefu.

Kwa hiyo barua hii utaikuta kwenye kiti cha pikipiki, chini ya helmeti yako, uisome kabla ya kuwasha. Mizigo yako mikubwa itafuata kwa basi. Mahali pa mzigo nyuma yako nimepachukua mimi. Nimeazima helmeti kwa jirani, inanukia mafuta ya nywele lakini inatosha sawasawa, si karibu. Tutateremka wote mpaka bondeni, nitakiona chumba chako, nitakisema vibaya kidogo, kisha nitarudi kwa basi na kukuacha na kazi yako.

Ila nisikilize. Tukishapita Iten, pale miti inapoachana na bonde lote linafunguka chini yetu na barabara inainama, najua utakachofanya. Utapunguza, utasogea kando, utaweka mguu chini unisubiri, kwa sababu umenifanyia hivyo tangu ulipojua kunibeba, na hujawahi kunilaumu.

Kesho usisimame, mwanangu. Sishuki.

Mama yako wa spea